Mlango wa Kijani wa Mama Mkwe

Jumanne, 16 Julai

Mama mkwe anakuja! Anakuja na shemeji Ivano wa Padova, mwenye gari, bustani na maneno mengi. Simu amepokea mke wangu Loredana. Mama Onorina ana miaka themanini na minne, miguu imeanza kumgomea, na anataka kuiona Sikukuu ya Mkombozi hapa kisiwani Giudecca mara moja tena. Kuitazama dirishani hataki. Anataka meza ukingoni mwa mfereji, mbele ya ule mlango wa kijani wa nyumba aliyozaliwa, azitazame fataki kutoka hapo.

Nikasema hilo dogo. Miaka thelathini mama huyu ananiita "yule wa mashine za boti". Safari hii ataniita Ottorino.

Jioni nikatoka na utepe wa gundi nikashike nafasi, kama kila mtu afanyavyo wiki hii. Nimechelewa. Mbele ya mlango wa kijani pamezungushiwa utepe mwekundu, mita sita nzima, na jina limeandikwa kwa chaki: ZENNARO. Ni Sante, jirani yangu wa chini. Nani mwingine?

Jumatano, 17 Julai

Loredana anasema nimwombe tu Sante tuunganishe meza. Mimi, nimwombe Sante? Mtu aliyenishinda mashindano ya makasia mwaka themanini na tisa, na mpaka leo ile bendera ya ushindi ameitundika sebuleni? Afadhali nile konokono na magamba yao.

Mpango wa kwanza: kuuhamisha utepe. Alfajiri nikapiga magoti ukingoni na kisu. Sijabandua hata shubiri, bibi jirani, Bi Elvira, akatoa kichwa dirishani. Dirisha la Bi Elvira halijafungwa tangu aolewe. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akashuka tukatafuta pamoja nusu saa, kisha akanipandisha kwake kwa nguvu akanishonea kingine. Sasa shati langu lina kifungo cha ziada, na utepe uko palepale.

Alhamisi, 18 Julai

Mpango wa pili. Huu una akili!

Karakana yangu nzima sikupata karatasi, nikachana ukurasa wa kalenda nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: NAFASI HII IMETENGWA KWA WAZEE WA MTAA, MIAKA SABINI NA KUENDELEA. Nikabandika ukutani, kando ya mlango wa kijani. Sante ni mtu wa kanisani, ataona haya. Atabandua utepe wake mwenyewe. Na mzee mimi ninaye, anafika kesho kwa treni.

Saa kumi na moja jioni utepe haupo. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ni moshi wa mashine.

Ijumaa, 19 Julai

Wageni wamefika. Ivano amepiga chafya mara tatu, akasema mfereji unanuka na kwamba Padova mtu anaegesha gari mlangoni. Nimemwacha. Mwenye nafasi habishani.

Mama aliniuliza kama kweli ni mlango wa kijani. Nikamwambia mbele yake kabisa. Akauliza tena. Akanishika mkono, mkono wake mwepesi kama wa mtoto.

Loredana amekaanga sadini kilo nne na kuzilaza kwenye vitunguu na siki. Kasema pia kwamba asubuhi kanisani Padri Tarcisio ametangaza kuna nafasi ya wazee ukingoni, waje wote. Nimemtoa wasiwasi. Wazee wa Giudecca wanapenda madirisha yao.

Jumamosi, 20 Julai

Wazee ishirini na saba.

Tulifika na meza tukawakuta na viti, fimbo, bata wa kuoka, konokono wa kitunguu saumu na matikiti maji. Mlango wa kijani hata hauonekani. Bi Elvira alikuwa amesimama katikati akipanga watu kama askari wa zamu. Mama alimwangalia, naye akamwangalia Mama. Kumbe walikaa dawati moja shuleni! Walikumbatiana wakalia, na Mama akakalishwa mbele kabisa, mgongo wake umeuegemea mlango wao.

Mimi nikavuta kiti. Bi Elvira akauliza nina miaka mingapi. Nikasema sabini na mmoja.

"Wewe ulizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, hata sitini hujafika," akasema. "Mkunga nilimleta mimi kwa mashua mpaka dirishani. Toka hapo ukalete viti."

Wazee wote wakacheka. Ivano alicheka zaidi, mpaka naye alipoulizwa miaka yake. Tukaenda wote wawili.

Sadini zangu zilikwisha kabla sijaonja. Fataki zilipoanza nilikuwa natoka kanisani na viti sita kichwani, nikaziona kwenye kioo cha duka la dawa. Niliporudi, Padri alikuwa anamshukuru Sante mbele ya watu kwa kuitoa nafasi yake. Sante, mnafiki yule, anainamisha kichwa na kumkatia Mama tikiti. Mama uso umemng'aa. Akamgeukia mke wangu.

"Loredana, huyu Sante alikuwa wapi ulipokuwa unatafuta mume?"

Jumapili, 21 Julai

Nimewasindikiza stesheni. Mama alikuwa anaimba. Kwenye ngazi za treni akanibusu mashavu yote mawili, akasema sijawahi kumfurahisha hivi, nimsalimie Sante, na kwaheri, wa mashine za boti.

Mchana Sante akapanda juu na sahani ya bata na ile karatasi yangu, imekunjwa vizuri. Nyuma yake, chini ya mwezi wa Januari: KARAKANA YA OTTORINO BALLARIN, na namba ya simu. Alijua tangu Alhamisi. Aliyeipeleka kwa Padri ni yeye.

"Jirani," akasema, "ungeniomba tu. Mwakani tuunganishe meza, mama yenu akae palepale."

Loredana alinitazama. Nikamwambia Sante ahsante, nitafikiria.

Nimefikiria. Kosa langu nimeliona wazi, na halitarudiwa. Kesho asubuhi nakwenda kununua karatasi nyeupe pande zote mbili.