Risasi Kwenye Piano ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Dada ana mtihani wa piano Ijumaa. Akifeli, chuo cha muziki ndiyo basi tena. Leo kaangua kilio: vibonyezo vya piano ya marehemu bibi ni vizito, vidole vinawaka moto. Mama kasema tumsubiri fundi wa piano, Fundi Miwani, Alhamisi. Fundi Miwani! Yule aliyekataa kunifundisha kazi, eti mikono yangu kama kuku anayeparua jalala.
Nimetazama video. Unabandika vipande vya risasi, yale madini mazito, kwenye vibonyezo, vinakuwa vyepesi. Rahisi! Unabandika upande gani? Hapo bando likakata.

Jumanne, 5 Machi
Jamaa wa matairi kanipa mfuko wa risasi za kusawazishia magurudumu. Nyumbani hakuna mtu. Nimevua vibonyezo vyote themanini na nane. Kumbe kila kimoja ni ubao mrefu, nusu yake imejificha ndani! Nikapiga akili: baiskeli ukiipakia mzigo nyuma, mbele inainuka yenyewe. Basi risasi nyuma. Gundi bila uchoyo.
Jioni Dada kabonyeza. Kimya. Kabonyeza kwa viganja viwili. Piano ikaguna. Kaniuliza, we mdudu, umezika mawe humu? Nikamwambia yeye na piano wazoeane kwanza.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi Miwani kafika. Anapanga vijiwe vya mizani juu ya kibonyezo, aone kinazama kwa gramu ngapi. Vijiwe vimeisha, kibonyezo hakijatikisika. Kaomba maji ya kunywa.
Kaniuliza kama nimewahi kupanda ule ubao wa watoto, mmoja juu mwingine chini. Ukimkalisha bonge upande wa pili, si unabaki unaning'inia? Risasi hukaa mbele, penye vidole, bwana mdogo! Na gundi hii, kuitoa ni wiki mbili.
Mama kavua kandambili. Mama akivua kandambili, tafuta mlango. Dada kaendelea kupiga hivyo hivyo, siku ya tatu sasa, jasho kama anasukuma lori.

Ijumaa, 8 Machi
DADA KAPASI! Nimesikia kupitia ukutani, maana hawaniongeleshi. Anasema piano ya mtihani ilikuwa laini kama siagi, vidole vikakimbia vyenyewe.
Mama kamshukuru Mungu. Kisha Fundi Miwani! Na aliyemkomaza vidole nani?
Rafiki wa Dada ana mtihani wa fidla Jumatatu. Vimikono vyembamba, masikini. Fidla kaiacha hapa sebuleni.
Risasi bado zipo. Gundi imebaki nusu kopo.