Muuza Gesi na Fomula ya Lynn

Jumatatu, 4 Agosti
Lynn amefunga shule na swali la kemia. Gesi ina kaboni asilimia 85.7, iliyobaki ni haidrojeni. Gramu 2.8 zinajaza lita 1.2 katika joto la chumba. Tafuta fomula ya molekuli. Mke wangu Ngendo akasema binti aende Thika kwa mjomba wake, Gachau, akafundishwe likizo yote. Gachau! Mtu wa kuongea Kizungu hata na kuku! Nikae likizo nzima bila mtoto wangu? Nikakataa. Nitamfundisha mwenyewe. Nauza mitungi ya gesi hapa Kimbo miaka yote hii, nani ananizidi kwa gesi? Lynn alifurahi hadi akanikumbatia. Kemia nilipata E.

Jumanne, 5 Agosti
Nimegawanya, nikagawanya tena. Jibu: CH₂. Nikalitangaza kwa sauti. Lynn akasema polepole kwamba huo ni uwiano wa atomi tu, molekuli yenyewe bado. Nikadai nilikuwa namjaribu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeenda Kahawa Wendani, eti kupeleka mtungi. Kaleli, mteja wangu wa chuo, akafanya lile swali mara moja. Akaanza kunieleza sababu. Nikamwambia sababu akae nazo, mimi nataka jibu. C₄H₈. Nimelikariri njia nzima: 85.7, C₄H₈. Jioni nikalitoa mezani bila hata karatasi. Lynn akapiga makofi. Ngendo akaniongezea nyama. Kwaheri, Gachau!

Ijumaa, 8 Agosti
Lynn ameleta swali lingine. Asilimia zile zile! Nikajibu kabla hajamaliza kusoma: C₄H₈. Akasema hii ni gramu 1.4 katika lita zile zile, uzito nusu ya ile, basi ni C₂H₄. Asilimia hutoa uwiano tu. Ukubwa wa molekuli huujui mpaka upime. Akauliza kama mimi huuza mtungi bila kuuweka kwenye mizani. Ngendo akachukua simu, akampigia kaka yake.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya kanisa nimemsindikiza Lynn hadi steji ya matatu. Kumbe alijua tangu Jumanne. “Dadi, si ungesema tu hujui? Tungekaa tusome pamoja. Mimi hata sikutaka kwenda Thika.” Imeniuma sana. Nimekaa dukani mlango ukiwa umefungwa, nikiwaza. Mtoto hakuwa anatafuta mwalimu, alikuwa ananitaka mimi. Basi kuanzia leo, nisichokijua nitasema sikijui.

Jioni Lynn amepiga simu. Mambo ya umeme katika fizikia yamemshinda. Gachau naye amekiri hayajui, kwa hivyo wamekaa chini wanayasoma pamoja. Nilimsikia Gachau akicheka huko nyuma. Lynn akauliza, na mimi je, ninayajua?

Nikamwambia fizikia ndiyo nilikuwa namba moja darasani.