Kidole Gumba Changu na Paa la Mwakio

Mtu akikuuliza, "Sasa umeamini?" na kidole gumba chako kimejaa rangi nyekundu ya kitabu chake, unajibu nini? Mimi nilikikodolea macho kidole kama si changu.

Marafiki, aibu imenikuta kazini leo, saa nne asubuhi, mbele ya wateja. Nawasimulia nyinyi kwa sababu hapa Voi sina mwingine wa kumsimulia. (Paka wa jirani nimeshamwambia. Aliondoka katikati.)

Kazi yangu mnaijua. Nina digrii ya falsafa, kwa hivyo napiga fotokopi. Watu huleta barua za chifu na fomu za basari kwenye saiba yetu, tuwaskanie. Wengine huleta mhuri wa fotokopi na kuapa kwamba ni orijino. Bosi alinifundisha dawa yao: lamba kidole, sugua mhuri. Wino ukitapakaa, ni orijino. Usipotapakaa, mrudishe kwa chifu. Nimefanya hivyo miezi minane. Siku hizi kidole hakiniombi ruhusa. Kikiona rangi kwenye karatasi, kinakwenda mdomoni chenyewe.

Basi leo akaingia mama mmoja kutoka Mwanda, kule milimani, amebeba kitu ndani ya leso kama mtoto mchanga. Akakilaza juu ya kaunta, akafungua. Atlasi! Kubwa kuliko sinia ya chai, ya zamani sana, ngozi ya jalada imepasuka kama kisigino. Kila ukurasa mji mmoja: kuta, mitaa, makanisa madogo kama punje za mahindi, vijimashua mtoni. Maandishi ya lugha ambayo mimi na yeye hatuijui. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meneja mzungu kwenye shamba la mkonge, na meneja alipoondoka alimwachia kitabu.

"Mwanangu, nipigie picha ukurasa huu umtumie Mwakio," akasema. "Simu yangu ni mulika mwizi, haitumi picha."

Mwakio ni kitinda mimba wake, yuko Ulaya. Hajapiga simu tangu Pasaka.

"Anakaa hapa." Akaonyesha paa moja jekundu, dogo kama ukucha.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Nyumba nzuri, mama." Mimi?

"Umejuaje ni hii?"

"Nilimchagulia. Iko mbali na mto. Mbu hawatamfikia."

"Lakini mama, kitabu hiki kina miaka mingi. Hiyo nyumba labda ilishabomolewa."

"Basi wewe mtafutie nyingine."

Jamaa wa boda aliyekuwa akingoja cheti chake cha polisi akacheka. Ningenyamaza. (Sijawahi kunyamaza. Muulizeni mhadhiri yeyote aliyenifundisha.)

"Na hizi rangi ni za mashine."

"Zimepakwa kwa mkono. Marehemu aliambiwa na meneja mwenyewe."

"Watu huambiwa mengi, mama."

Nikainama nichunguze. Naapa sikupanga. Kidole kikaenda mdomoni, kikarudi, kikasugua.

Wekundu ukatoka juu ya paa, ukavuka mitaa, ukaingia mtoni. Mto ukawa zambarau.

Jamani!

Printa tu ndiyo iliyoendelea kuongea. Kisha jamaa wa boda akasema taratibu, "Hiyo ni orijino, dada. Skani."

Hapo ndipo mama akaniuliza lile swali.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua pindo la leso akakausha ukurasa, akigusagusa tu, kama anayefuta jasho la mgonjwa. Nikabwabwaja kwamba naweza kurekebisha kwenye kompyuta, nirudishe paa, nisafishe mto, hata mama mwenyewe hatajua.

"Usirekebishe. Tuma hivyo hivyo. Mwandikie: nyumba yako imeungua, rudi."

"Mama, niandike hivyo kweli?"

"Wewe si wa kuuliza tena leo. Andika."

Nikaandika. Nikatuma kwa simu ya duka. Tiki mbili za kijivu.

Akakaa kwenye benchi, kitabu mapajani, kungoja jibu. Saa tano. Saa sita. Kila simu ilipolia alinyanyua shingo, na kila mara ilikuwa ni mtu aliyesahau neno lake la siri. Saa saba akatoa kimanga kwenye mkebe, akanipa nusu. Muhogo na maharagwe, umepondwa vizuri. Nilikula na kidole changu chekundu.

"Wewe, mama yako anajua unapokaa?"

"Anajua ni Voi."

"Voi ni kubwa."

Nikajaza mdomo kimanga, nisiwe na pa kutolea maneno. (Ndiyo, mimi.)

Saa tisa ikabidi aondoke, gari la Mwanda halingoji mtu. Alifunga kitabu, akaniaga kwa mkono, ule ule wenye kidole chenye hatia. "Akijibu, usiongeze maneno yako," akasema.

Saa kumi na moja, nikifunga duka, simu ikalia.

"Nyumba gani?" Mwakio aliandika. Halafu: "Mama ni mzima? Wewe ni nani?"

Nikamweleza yote, pamoja na mate. Akatuma vikaragosi vya kucheka, tisa. Kisha: "Nampigia sasa hivi."

Mnaruhusiwa kunicheka, lakini mmoja mmoja, na kwa simu, maana leo ningependa ilie.

Na kabla hajampigia, Mwakio aliniandikia jambo moja ambalo mama hakuniambia kwa saa tano tulizokaa pamoja: yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga mji ule wa paa jekundu. Mji anaokaa haumo kwenye kitabu, na mama anajua tangu siku ya kwanza. Alimchagulia ule kwa sababu, katika kurasa zote, ndio pekee uliochorwa na milima nyuma yake.