Sista Atampeleka Angelina Kanisani

Jumapili, 3 Novemba

Siku kubwa! Kikao cha mwisho cha kamati ya harusi ya binti yangu Angelina kimefanyika hapa kwetu Buger, baada ya misa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri. Nilijiteua mwenyewe mwezi wa nane, wakati watu wanagombania mapaja ya kuku. Ajenda ya leo: gari gani litampeleka bibi harusi kanisani Karatu, Jumamosi, saa tisa alasiri. Nikasimama. Nikatangaza: Sista!

Sista ni Landrova yangu. Ya mwaka 1974, ndefu, rangi ya majani makavu. Nilimnunua kwa masista wa misheni, ndipo alipopata jina. Miaka hamsini barabarani! Kila bolti yake unaiona kwa macho na kuifikia kwa mkono. Magari ya siku hizi ukifungua boneti unakuta mfuniko wa plastiki, kana kwamba injini ina aibu.

Mkwe wangu Eliamani akainua mkono. Huyu ni baba yake Obed anayemwoa Angelina. Mchaga, ana kampuni ya kupeleka watalii kreta kuona wanyama. Akasema kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) kwamba ana Landkruza mpya, nyeupe, viti bado vina nailoni. Wakapiga kura. Landkruza kura kumi na moja, Sista moja, yangu. Hata mke wangu Cresensia! Hata Angelina mwenyewe!

Nikasusa chakula. Yaani nyama. Wali nilikula. Cresensia akaona aibu mbele ya wakwe, akaleta suluhu. Jumatano Sista apande mpaka geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, na kurudi, akiwa na mashahidi wawili, bila kusukumwa na mtu. Akiweza, atambeba Angelina. Na akimfikisha kanisani kabla ya saa tisa, atakaa uani kwetu mpaka nife. Akishindwa, anaondoka Jumatatu, moja kwa moja, na pale anapoegeshwa patajengwa ghala la vitunguu.

Padri Clemensi naye ametuma salamu. Ana ibada nyingine kigangoni, kwa hiyo hasubiri mtu. Watakaochelewa watafungishwa Jumamosi inayofuata. Pilau la watu mia nne haliwezi kusubiri Jumamosi inayofuata.

Nimekubali. Nimesaini. Nimeshashinda!

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeshindwa kufanya kazi ya shamba kwa furaha. Nimekaa ndani ya Sista nikikumbuka magari yangu yote. Kulikuwa na Pijo 404 pikapu, iliyobeba magunia ya vitunguu kutoka Mang'ola mpaka bodi ikapinda katikati. Nilimpenda. Kulikuwa na Suzuki fupi, gari dogo lenye roho ya mbuzi, lilipanda popote. Nilimuuza nikamchumbie Cresensia. Sijuti. Karibu sijuti. Halafu Landrova ya kwanza, fupi, haina paa. Niliteremka nayo kreta mwaka 1998 mvua ya mawe ikinipiga kichwani, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada. Nilimwambia Cresensia hivyo leo. Akauliza hata siku ya harusi yetu? Nikachelewa kujibu.

Jioni nimelala kwenye kochi. Kochi si baya.

Jumatano, 6 Novemba

USHINDI!

Mashahidi walikuwa Shangazi Eva na katibu wa kamati, Mwalimu Silvanus, ambaye hupenda kuandika kila kitu. Sharti lilikuwa bila kusukumwa na mtu. Stata ya Sista inachagua siku za kufanya kazi, nami nimekuwa nikiahirisha kuitengeneza tangu Pasaka. Kwa hiyo jana nilimwegesha kwenye mteremko wa kanisa. Asubuhi nikaachia breki, akateremka, nikatia gia, akanguruma! Mwalimu Silvanus akauliza kama huko si kusukumwa. Nikamwambia mteremko si mtu. Akaandika.

Tulipanda Lodoare ndani ya ukungu. Pale getini kulikuwa na magari ya watalii kama arobaini yanasubiri vibali, yote meupe au rangi ya vumbi, yote sawasawa kama mayai ya trei. Sista akaingia katikati yao. Watalii wakashuka! Kamera! Mzee mmoja wa Kizungu akashika mlango wa Sista, akasema baba yake alikuwa na gari kama hili, machozi yakamlengalenga. Na alishuka kutoka gari la nani? La Eliamani! Nilimpungia mkwe mkono. Alinipungia pia. Kwa upole.

Wakati wa kurudi, kelele kidogo chini, upande wa mbele. Kwa-kwa-kwa-kwa. Shangazi Eva akasema jambo kwa Kiiraqw ambalo siliandiki hapa, halafu akasema kwa Kiswahili kwamba bibi harusi hawezi kwenda kanisani ndani ya mashine ya kusaga. Mwalimu Silvanus ameandika: Amefaulu, kwa kelele.

Kelele hiyo itaondoka. Nina mpango.

Alhamisi, 7 Novemba

Kelele imeondoka! Ilikuwa propela ya mbele, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Maungio yake yamechakaa. Ningeweza kuyatafuta mapya mjini, lakini duka lenye vipuri vya Sista ni la shemeji yake Eliamani, na habari zingefika. Kwa hiyo nimeifungua propela yote nikaiweka chini ya kitanda. Sasa Sista anasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Bila propela ya mbele hana uwezo wa kupita kwenye tope, lakini tope liko wapi? Mvua za vuli mwaka huu hazijatia mguu. Vumbi tupu. Nimemzungusha Buger nzima, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nimefanya kazi kwa nusu saa, kwa spana mbili. Fundi angechukua siku nzima na kulalamika.

Ijumaa, 8 Novemba

Tajewo amekuja. Ni dereva wa watalii, rafiki yangu wa zamani, Mmasai wa Engaresero. Amenifungia redio ya upepo ndani ya Sista, ile ambayo madereva wa safari hutumia kuambiana simba yuko wapi. Nilimwambia ni ya kuongoza msafara wa harusi. Ukweli ni kwamba Landkruza ya Eliamani inayo, na sikutaka Sista akose kitu. Tajewo akanionya: redio hiyo wanaisikiliza madereva wote, usiseme upuuzi. Mimi!

Nimemwosha Sista mara tatu. Nimemvalisha utepe mweupe na maua. Cresensia alipita, akamtazama, akasema amependeza. Alisema hivyo kwa mdomo wake! Halafu akatazama juu na kusema kuna mawingu upande wa msitu wa Marang. Nikamwambia mawingu ni ya mapambo.

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika kila kitu.

Mvua ilianza saa saba na nusu. Si mvua, ni mapipa. Cresensia na akina mama walikuwa wameshatangulia kwa basi dogo la Kosta. Eliamani akapiga simu akiwa kanisani, akauliza alete Landkruza? Nikacheka kwa sauti kubwa. Nikamwambia mvua ndiyo siku ya Sista.

Saa nane kasorobo tukaondoka: mimi usukani, Angelina kwa gauni lake nyuma, na msimamizi wake, Naomi, ameshika mwavuli ndani ya gari kwa sababu ya paa. Angelina alikuwa mzuri kiasi kwamba niliendesha nikilia. Saa nane na dakika tano, kwenye kile kilima cha udongo mwekundu, Sista akateleza. Nikavuta gia ya magurudumu manne. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Ndipo nikaiona propela mbele ya macho yangu, ilivyolala vizuri chini ya kitanda.

Tukaingia mferejini. Polepole, kwa heshima, mpaka kwenye ekseli.

Angelina akauliza kuna nini. Nikasema Sista anapumzika. Naomi akatoa simu ampigie Eliamani. Nikamwambia bibi harusi akipigiwa simu ya msaada njiani ni mkosi mkubwa kwa Wairaqw. Nilibuni palepale, lakini Naomi ni Mmeru, hakuweza kujua. Angelina alijua. Akasema, bila kupaza sauti, Baba, nikichelewa leo sitakusemesha mpaka nizeeke.

Saa nane na robo. Nikashika redio. Kuomba kuvutwa? Eliamani angesikia! Angesikia mpaka kaburini! Kwa hiyo nikabana pua na kusema hivi: chui jike na watoto wawili, juu ya mti wa mgravilea, barabara ya Buger, wako wazi kabisa, njooni haraka. Nilifikiri atakuja mmoja, nimwombe kamba kimyakimya.

Walikuja kumi na wawili.

Walitokea juu ya kilima kwa mstari, taa zinawaka, watalii wamesimama wakichungulia juu ya paa na makoti ya mvua na lenzi ndefu kama mabomba. Na gari la kwanza kabisa, jeupe, lilikuwa la Eliamani. Ana wageni kutoka ng'ambo waliokaribishwa harusini, na chui mwenye watoto wawili si kitu cha kumpita mtu wa biashara yake. Akashuka na suti. Akauliza chui yuko wapi. Nikasema ameondoka sasa hivi. Akamwona Angelina. Akainama, akachungulia chini ya Sista kwa muda mrefu. Akauliza propela iko wapi.

Nikasema iko nyumbani. Akauliza nyumbani wapi. Nikasema chini ya kitanda.

Hakucheka. Afadhali angecheka! Akavua koti lake, akalitandaza juu ya tope, akampa Angelina mkono na kumwita mwanangu. Angelina akapanda Landkruza, akasimama pale juu paa linapofunguka, shela linapepea, na mvua ikakatika hapohapo. Watalii wakapiga makofi. Madereva wote kumi na wawili wakashika honi. Walimsindikiza mpaka Karatu kwa mstari mmoja, watu wakatoka madukani kuangalia, na mama mmoja wa Kizungu akatupa maua yote ya hotelini kwake. Mimi nilikuwa gari la mwisho, nimekaa juu ya tairi la akiba.

Kanisani: saa tisa kasoro dakika tatu. Padri Clemensi alikuwa ameshashika saa mkononi. Nilimpeleka mwanangu mpaka altareni na viatu vya tope. Alinibana mkono mara mbili. Akaninong'oneza kwamba hakuna bibi harusi Karatu nzima aliyewahi kuingia hivi. Nikalia tena. Eliamani akanipa leso.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemweleza Cresensia kwamba, ukitazama vizuri, nani aliyeita magari yale kumi na mawili? Akaingia chumbani, akatoka na propela, akaiweka mezani katikati ya pilau lililobaki.

Tajewo amekuja kuchukua redio yake. Amesema madereva wamekubaliana kwamba sauti yangu, hata nikibana pua, isisikike tena. Mwalimu Silvanus amesoma kumbukumbu za kamati. Sista hakumfikisha bibi harusi. Kuna saini yangu.

Vijana wamemtoa Sista mferejini na kumrudisha uani. Nilienda kutia mafuta kwenye bawaba za milango yake. Nilikaa ndani mpaka chai ikapoa. Inauma. Naandika tu: inauma sana.

Jumanne, 12 Novemba

Nimetimiza ahadi! Mimi ni mtu wa neno langu. Sista ameondoka jana saa nne asubuhi, amevutwa na trekta, propela ndani yake. Cresensia alisimama mlangoni na hata yeye alipangusa jicho. Aliyemchukua ni Sitonik, ndugu yake Tajewo, mwenye kambi ya watalii Engaresero. Anampeleka huko, kando ya Ziwa Natron, kukavu, hakuna tope. Nimefarijika.

Hatukuuziana. Tulibadilishana. Amenipa Landrova mbili! Moja ya mwaka 1967, fupi, haina injini, mbuzi wamelala ndani kwa miaka sita na wameitunza vizuri. Nyingine ina injini nzuri sana, ila haina kitu kingine. Ukiziweka pamoja ni kazi ya nusu saa, spana mbili. Zinafika Alhamisi, Cresensia akiwa mnadani. Sikuvunja sharti lolote. Kamati iliamua Sista aondoke, ameondoka. Kuhusu hizi mbili kamati haikusema neno. Na isitoshe si zangu, ni zawadi yangu ya harusi kwa Angelina na Obed. Wao wamepanga chumba kimoja, hawana pa kuziweka, kwa hiyo nitawatunzia.

Mchana nimepita parokiani kumwomba Padri Clemensi atushikie Jumapili moja ya ubatizo, Novemba ijayo, kabla nafasi hazijaisha. Akauliza ubatizo wa nani. Nikamwambia hilo ni suala la Angelina na Obed. Mimi nashughulikia usafiri.