Mahali Salama Kuliko Pote Uwanjani

Jumatatu, 4 Agosti

Mzinga mpya umeingia kambini leo. Mzinga gani! Roli. Roli la magurudumu manane, limebebeshwa mgongoni bomba refu kama twiga aliyelala. Kambi nzima imetoka kushangaa. Mimi sikushangaa. Nilipita pale mara tatu tu, kuhakikisha kwamba sishangai.

Mzinga wetu wa zamani ulikuwa mzinga wa wanaume. Unaukokota, unauchimbia shimo, unaulisha makombora kwa mikono. Watu saba, jasho moja. Na mwinua makombora alikuwa nani? Mimi. Ndiyo maana naitwa Kreni. Mjomba wangu kinyozi ametundika picha yangu ukutani dukani kwake, nimekumbatia kombora kama mtoto mchanga, na kila anayenyolewa lazima asimuliwe mpaka shingo imuume.

Sasa Sajini katangaza kwamba roli hili linataka watu watatu tu: dereva, mkuu wa mzinga, na wa kubonyeza namba. Wanakaa ndani ya kibanda chenye kiyoyozi, wanapiga, kisha wanatimua mbio kabla adui hajajua kapigwa kutoka wapi. Kupiga na kukimbia! Mtaani kwetu mtoto mwenye tabia hiyo hulala bila chakula.

Nikauliza sisi wengine tutaenda wapi. Sajini akasema jikoni kuna upungufu wa watu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua nani anayepakia makombora kwenye roli. Mkono wa chuma. Unalichukua kombora, unalisukumiza bombani, unarudi kuchukua lingine. Nikamwomba Sajini tushindane, mimi na mkono, kwa makombora ya mazoezi, yale yenye saruji tumboni badala ya baruti. Sajini alikataa. Kisha akakumbuka kwamba wiki hii hajacheka, akakubali.

Nilianza vizuri, hilo hakuna wa kunibishia. Mkono ukanguruma, ukapakia, ukapakia tena, ukapakia tena, ukatulia kama mtu anayesubiri chai. Mimi bado nilikuwa na langu la kwanza. Nikalitua kishujaa. Lilitua juu ya kidole gumba cha mguu wangu.

Wenzangu wameanza kuuita ule mkono Kreni. Nimeshaitika mara mbili bure.

Sihesabu kwamba nimeshindwa. Mashindano gani hayo ambayo mmoja hatoki jasho?

Jumatano, 6 Agosti

Miwani! Askari mwenzangu, msichana mwembamba kama mpini wa ufagio, kombora halinyanyui hata kwa dua. Huyo ndiye kapewa kiti cha kubonyeza namba. Jumamosi ni siku ya familia. Watu wetu watakuja, na Miwani atapiga kombora moja la mazoezi mbele yao. Moja tu, maana anasema la pili halitahitajika. Eti kombora hili jipya likishatoka bombani linakunjua vibawa, linaulizia njia kwa satelaiti, na linakwenda kwenye zile namba za ramani lilizopewa. Si karibu nazo. Pale pale.

Nilicheka mpaka kidole kikauma. Kombora la kwanza halijawahi kupiga shabaha tangu mizinga iumbwe! La kwanza linapitiliza, la pili linapungukia, la tatu unamwachia Mungu. Sisi wa mzinga wa zamani tulikuwa na usemi wetu: mahali salama kuliko pote uwanjani ni penye shabaha.

Miwani akaniambia Sajini anatafuta mtu wa akiba wa kile kiti, na bado hajampata. Akanisogezea kigoda. "Kreni, kaa nikufundishe. Namba haziumi kama kombora."

Nikae! Nifundishwe na mpini wa ufagio! Nikamjulisha kwamba shule niliiacha mimi, shule haikuniacha. Kusema kweli tuliachana kwa makubaliano. Nikachechemea zangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata mpango. Kombora likikosa mbele ya familia, Kapteni, mkuu wa kambi, ataaibika. Akiaibika, roli litarudishwa lilikotoka. Likirudishwa, mzinga wa zamani utatolewa bandani, nami nitarudi kazini kwangu, na picha itabaki ukutani. Mtu wa namba angeweza kufikiri hivyo? Thubutu!

Mjomba ametuma ujumbe. Jumamosi anafunga duka na anakuja na wateja wake wawili. Ameshawaambia kwamba mimi ndiye nitakayepiga mzinga. Sikumwambia hivyo mimi. Nilimwambia tu asiwakatishe tamaa.

Kombora litakosa, sina shaka. Lakini hata mjinga ana siku yake ya bahati. Afadhali niisaidie haki kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Shabaha yetu ni basi kuukuu, halina injini wala vioo, limekaa pale uwanjani tangu mimi sijaota ndevu. Sajini alitaka lipakwe rangi nyekundu ili wageni wauone wekundu wake kwa mbali. Nani alijitolea? Sajini alinitazama kwa shaka, kisha akanipa ndoo na brashi.

Nikapaka. Nilipomaliza nikachukua gari la winchi, lile la kuvutia magari mabovu, nikafunga mnyororo, nikalikokota basi umbali wa uwanja mzima wa mpira. Kwenye namba za Miwani sasa hakuna kitu. Majenerali wangapi wana akili hii?

Tatizo dogo. Nikirudi nilipita pale basi lilipokuwa. Kumbe chini yake udongo ulikuwa umelowana miaka yote, umekuwa mlaini kama uji. Gari la winchi likazama hadi ekseli. Nililisukuma. Nililibembeleza. Nililitukania wazazi. Gari la kuvuta mabovu likikwama, nani alivute?

Kisha nikatulia, nikafikiri kama mpiga mzinga. Limekwama wapi? Pale pale anapolenga Miwani. Mahali salama kuliko pote uwanjani! Nikalitandika neti ya kujifichia na matawi juu yake mpaka likawa kichaka. Nilipogeuka kulitazama, nililipoteza mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi!

Jioni Sajini akauliza gari la winchi liko wapi. Nikamjibu kwamba linaangaliwa breki. Sikusema uongo sana. Breki zake hazijawahi kushika kama zilivyoshika leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Familia zilikaa chini ya hema, mbele yao skrini kubwa ikionyesha uwanja wa shabaha kutoka angani. Mjomba alikuja na suti. Akaniuliza mbona niko vitini na mzinga uko kule. Nikamwambia mabingwa huangalia tu.

Roli likaja, likasimama, bomba likainuka, likapiga. Viti vikatetemeka. Moshi haujatawanyika, roli limeshaondoka. Kwenye skrini, vumbi. Vumbi likatua. Basi jekundu, zima, halina hata mkwaruzo!

Kapteni alikunja uso kama aliyemeza ndimu. Mimi nikasimama nikapiga makofi, peke yangu. Nikamnong'oneza Mjomba atafute fremu kubwa zaidi.

Kisha upepo. Neti ikainuka, ikaruka, ikaenda zake. Kichaka kikawa gari. Na gari lilikuwa na tundu katikati ya boneti, la mviringo, kama limechorwa kwa bikari.

Tukaenda kule wote. Miwani akasimama kando ya lile tundu na kifaa chake, akasoma namba, akasema ndizo alizopewa, hazikupungua wala kuzidi. Kapteni akatazama basi kule. Akatazama gari hapa. Akatazama mlango wa gari. Mlangoni palikuwa na alama ya kiganja, nyekundu, vidole vyote vitano.

"Kombora limetii," akasema. "Nani hakutii?"

Nikaingiza mikono mfukoni. Sijui kwa nini. Kila mtu alimwona aliyeingiza mikono mfukoni. Sajini akakumbusha kwamba jikoni bado kuna upungufu wa watu.

Mjomba hakunigombeza. Alivua koti la suti, akalikunja taratibu mkononi. "Mwanangu," akasema, "ile picha niitoe, au nikuchoree sufuria juu ya kombora?"

Wale wateja wake walicheka kwanza.

Jumatatu, 11 Agosti

Jumapili nilishinda mahabusu ya kambi. Kitanda cha saruji, kama tumbo la kombora. Leo niko jikoni. Kiti cha akiba kapewa mchimba shimo wetu wa zamani. Alikaa kwenye kigoda akafundishwa. Watu wengine hawana msimamo.

Na aibu iko wapi? Gari lile lilikuwa bovu kabla ya kupigwa. Na basi je, lilipigwa? Halikupigwa. Skrini ni shahidi.

Mpishi mkuu, mama mwenye ulimi mkali kuliko visu vyake, kanikabidhi gunia la viazi. Akasema nisijichoshe, maana keshokutwa inakuja mashine ya kumenya. Unamwaga gunia juu, viazi vinatoka chini vyeupe. Ikishafika, mwenye kisu atahamia vyooni.

Nilicheka mpaka kidole kikauma. Mashine! Itajuaje kiazi kilichooza ndani? Nimemwomba tushindane, mimi na mashine, mbele ya kambi nzima. Alikataa. Kisha akafikiri, akakubali, na amekwenda kuwaita wenzake.

Mjomba amejibu ujumbe wangu. Picha ameitoa.

Nimemwambia msumari asiung'oe.