Ombi la Cheti cha Mtu Asiyelia Kwenye Sinema

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana si ya kusomwa umesimama.

Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliishia mlangoni, lakini elimu ilinifuata nyumbani. Niliwahi kutengeneza jokofu likapoza mtaa mzima, majirani wakavaa masweta mwezi wa joto. Kwa hiyo nikisema kitu kimepoa, nasema kitaalamu. Filamu yenu ya "Kibanda cha Reli" imepoa.

Gazeti lako liliandika kwamba ndiyo bora kuliko zote, na asiyelia akiitazama ana jiwe kifuani. Maneno hayo, mama wa kijana anayetaka kumwoa mpwa wangu ameyakata na kuyabandika ukutani. Jumapili yeye na mumewe, kinyozi, walitualika kwao tuitazame pamoja kabla ya kupanga siku ya harusi. Leso ziligawiwa kama sahani. Wote wakalia. Mimi nikauliza kama kuna chai.

Tangu siku hiyo harusi imesimama. Yule mama kasema hachanganyi damu na watu wa vifua vya mawe. Mpwa wangu, niliyemlea tangu baba yake afariki, hanisemeshi. Chakula ananisukumia kama paka wa jirani. Ndipo nikashika kalamu.

1. Filamu nzima ni mwanamume na kizuizi cha reli. Anafunga, treni inapita, anafungua. Basi! Mimi ujanani nilisimamisha treni kwa kuikazia macho tu, dereva akashuka kuniomba radhi. Nani kanitengenezea filamu?

2. Mkewe kapanda treni, naye anamngoja miaka nenda miaka rudi. Mtu ana miguu miwili, na reli iko mlangoni kwake! Hata kuku akipotea hutafutwa.

3. Hakuna anayepigwa hata kofi. Nilivumilia nikidhani ngumi wameziweka akiba. Likatokea neno "Mwisho".

4. Rangi hakuna. Kama fundi muungwana niliinuka nikaigonga televisheni ubavuni, nikafungua na kifuniko cha nyuma. Sebule nzima ikapiga yowe, "Mjomba, kaa chini!" Kumbe hapo ndipo penyewe pa kulilia. Ningejuaje, nami nimeinamia nyaya?

5. Kama machozi ndiyo kipimo cha utu, basi kitunguu kipewe tuzo kabla ya huyo mlinzi wa reli. Siku tulipomzika shemeji yangu sikulia. Nilichimba kaburi, nikamchukua mtoto wake, huyu mpwa wangu, nikamtafutia uji. Hakuna aliyenikagua macho.

Kwa hiyo naomba gazeti lako linipe cheti chenye muhuri, kiandikwe hivi: "Mwenye cheti hiki hakulia, lakini ni binadamu kamili na mjomba halali." Nitakipeleka kwa wakwe mwenyewe, ndani ya fremu.

Nisalimie wote ofisini, kuanzia bosi hadi anayewachemshia chai. Aliyeandika habari za jiwe mwambie sina kinyongo, ila asikatize mtaa wetu.

Wako katika subira,
Mjomba wa Bibi Harusi (Mungu akipenda)

Nyongeza: Nikiwa nimekwisha kulamba stempu, kinyozi kaja mwenyewe kutafuta suluhu. Akaniambia kwa upole, "Mzee mwenzangu, usiumie. Hata mimi naiona filamu ya kawaida tu. Pale mlinzi anapopangusa kiti cha mkewe kila asubuhi, mimi huwa nasinzia."

Mhariri, damu ilinipanda. Nikamwambia, "Unasinziaje pale, wewe? Hukuona anavyokipangusa mpaka miguuni, kiti kisicho na wa kukikalia?" Nikavuta kiti nimwonyeshe. Nikapangusa mgongo wa kiti, nikapangusa miguu, mara nikajikuta napangusa na macho yangu.

Kinyozi kanikodolea macho, kisha akampigia mkewe simu: "Mama watoto, njoo upesi, mjomba mtu analia!" Mama kaja mbio, kanikumbatia, kaniita ndugu yake. Mpwa wangu kaniegemea begani kama zamani. Siku ya harusi imepangwa hapo hapo.

Barua naituma tu kwa sababu stempu imeshalowa. Usiichapishe, nakusihi: ikitoka gazetini sasa, harusi imekwisha.