Saa Mia Nne za Mkurugenzi

Kwa mamlaka aliyopewa, na kwa furaha isiyo na kifani, Mkurugenzi wa Idara ya Huduma Bora aliwatangazia watumishi wake wote kwamba ujinga ofisini umefikia kikomo. Tangazo lilibandikwa ubaoni, juu ya lile la mwaka juzi lililosema uvivu umefikia kikomo. Kuanzia Jumatatu kila mtumishi angesomeshwa na kompyuta, tena si kompyuta ya kubahatisha. Ingempima kila mtu peke yake, ikumbuke alichokosea, imrudishie swali lile lile kesho, keshokutwa na mtondo, mpaka limwingie. Mpango uliitwa Marudio Binafsi kwa Njia ya Kompyuta, kwa kifupi MABINKO, na ulikwisha kuwa na mhuri wake, kalenda yake, na kamati ya watu saba ya kusimamia kalenda.

Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo: mtumishi wa kibarua atakayefika siku ya uzinduzi rasmi, mwishoni mwa mwaka, bila saa za kusoma, mkataba wake hautaongezwa.

Idara nzima ilikuwa na mtumishi wa kibarua mmoja tu. Alikuwa mama aliyegawa barua chumba hadi chumba, na kwa kuwa hajapata kuonekana bila bahasha kwapani, kila mtu alimwita Mama Bahasha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kanuni ilisema kibarua akitimiza miaka ishirini anaajiriwa moja kwa moja, na mwaka uliobaki ndio huo wa kuongezwa. Alilisoma tangazo mara mbili, akaipangusa miwani, wala hakuogopa. Kusoma alikupenda tangu utoto.

Tatizo lilianza Jumatatu hiyo hiyo, saa nne. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, dada mwenye kucha ndefu na roho nzuri, alimwita pembeni.

"Mama, bosi ana vikao."

"Lini hana?"

"Ndiyo hayo. Neno lake la siri hili hapa. Msomee somo lake, dakika kumi tu. Ningemsomea mimi, ila nina langu."

"Na langu je?"

"Lako litakusubiri, mama. Wewe una haraka gani?"

Jumatano katibu muhtasi naye akawa na vikao. Ijumaa Naibu Mkurugenzi akabanwa, na kamati ya kusimamia kalenda ikabanwa yote, watu saba kwa mpigo. Wiki iliyofuata bahasha yenye mhuri wa SIRI ilishuka kutoka ghorofa ya juu. Mama Bahasha aliibeba mwenyewe kutoka meza moja kwenda nyingine, kila meza ikiisoma na kuipitisha chini, hadi ikakosa meza ya kwenda na kumbakia mkononi. Ndani yake mlikuwa na neno la siri la Waziri.

Basi akawa na wanafunzi kumi na mmoja, na mwili mmoja.

Ukurasa wa kwanza wa MABINKO uliandikwa kwa herufi kubwa: MASOMO HAYA NI BINAFSI. JIBU KWA UKWELI, KAMA ULIVYO. Mama Bahasha aliutafakari sana. Yeye si mwongo, hajawahi hata kufungua barua ya mtu kwa mvuke. Kama anajibu kwa niaba ya Mkurugenzi, basi lazima ajibu kama Mkurugenzi alivyo, la sivyo ni kughushi.

Swali la kwanza liliuliza: Mwananchi amefika ofisini kwako saa tatu asubuhi. Utafanya nini? A, nitamkaribisha. B, nitamwelekeza kwa mhusika. C, sitakuwa nimefika.

Alijua jibu ni A. Hata hivyo aliinuka, akaenda kuchungulia ofisini. Koti la Mkurugenzi lilikuwepo, limevishwa kiti kama kawaida yake, lakini mwenye koti hakuwepo. Akarudi, akabonyeza C.

"Si sahihi," ikasema kompyuta kwa sauti ya kike yenye upole. "Tutarudia."

Kesho yake ikarudia. Mama Bahasha naye akaenda kuchungulia tena, maana binadamu hubadilika. Koti lilikuwepo. Akabonyeza C. Ikawa ndio utaratibu, na kila kosa lilizaa marudio, na kila marudio yalihesabiwa saa nzima, hata yakichukua dakika moja. Kwa njia hiyo, kwa miezi kumi, Mkurugenzi akasoma na kusoma, na saa zake zikapanda kuliko za mtu yeyote.

Fundi wa kompyuta, baba mmoja mwenye upara na maneno machache, ndiye aliyeona hatari.

"Mama, wewe una saa sifuri."

"Nitazipata wapi, fundi? Asubuhi nina barua. Mchana nina wakubwa. Jioni unafunga chumba cha kompyuta."

"Uzinduzi ni keshokutwa. Kibarua chako kitaota nyasi."

Hapo sasa aliogopa. Alimwendea katibu muhtasi, akamweleza kwamba saa anazo, tena nyingi, ila zimelala kwenye majina ya watu.

"Nakuonea huruma, mama," alisema dada yule, macho kwenye kucha. "Lakini ripoti imeshapigwa mhuri. Na nani atakubali kusema kwamba hakusoma?"

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa viti vya plastiki, na meza kuu ikajaa chupa za maji. Mama Bahasha aliketi mstari wa mbele, amevaa gauni lake la harusi za watu. Katika ratiba alikuwa kipengele cha tisa: kuagana na mtumishi aliyeshindwa kwenda na wakati. Kipengele cha nane kilikuwa tuzo ya Mwanafunzi Bora, na aliyeinyakua alikuwa Mkurugenzi, kwa saa mia nne na kumi na mbili. Kamati ilieleza kwamba haikuangalia majibu, kwani majibu ni siri ya mtu binafsi.

Waziri alipiga makofi kwa muda mrefu. "Hongera! Hebu tuonyeshe unavyosoma."

"Mheshimiwa, muda..."

"Muda ninao. Fundi, washa."

Fundi akawasha, akaunganisha na spika za ukumbi, wala hakumtazama mtu.

"Karibu tena, Mkurugenzi," ilisema ile sauti ya upole. "Tunaanza na swali ulilolikosea mara mia mbili na sita. Mwananchi amefika ofisini kwako saa tatu asubuhi. Utafanya nini? Jibu lako la siku zote ni C, sitakuwa nimefika. Je, leo umebadilika?"

Kijasho chembamba kikamtoka Mkurugenzi.

"Ni... ni hitilafu ya kimfumo."

"Hilo halimo katika majibu. Tutarudia. Swali la pili umeliacha wazi mara themanini na nane. Taja jina la mtumishi wa ngazi ya chini kabisa katika idara yako."

Mkurugenzi akatazama mstari wa mbele. Uso aliujua vizuri sana. "Mama... Mama Bahasha!"

"Si sahihi. Tutarudia."

Walioanza kucheka ni wa viti vya nyuma, halafu ukumbi mzima. Waziri alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nani alikuwa anakusomea wewe?"

Mama Bahasha akasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na ndiye wewe tunayekufukuza kwa kutosoma?"

"Nimesoma, Mheshimiwa. Nimesoma kuliko wote humu. Saa zangu ziko kwao."

Waziri alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko ile sauti iliposikika tena. "Mwanafunzi anayefuata kwa wingi wa saa, mia tatu tisini na nane, ni Mheshimiwa Waziri. Karibu tena. Tunaanza na swali ulilolikosea..."

"Zima!"

Fundi akazima, taratibu, kama mtu anayetafuta kitufe. Waziri alishuka meza kuu, akamketisha Mama Bahasha, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama yangu, mimi umenijibuje?"

"Kama ulivyo, Mheshimiwa."

Waziri akaomba kalamu, akageuza ratiba nyuma, na papo hapo, mbele ya idara nzima, akaandika barua ya ajira ya kudumu inayoanza siku hiyo. Akamuuliza jina lake kamili, naye akamtajia majina yote matatu, Waziri akayaandika, akatia sahihi, akanyoosha mkono kumkabidhi.

Mama Bahasha hakuipokea.

"Mheshimiwa, naomba unitaje jina."

Waziri akashusha macho kwenye barua.

"Bila kuangalia karatasi, Mheshimiwa. Ukikosea, tutarudia."

Waziri akaigeuza barua kifudifudi juu ya goti lake, akakohoa kidogo, akaanza.